"Walitumia dawa", lakini dawa gani?

SWALI: Natafsiri habari za michezo kwa ajili ya redio moja hapa Morogoro. Juzi nilipewa habari ya besiboli ya Marekani, nikaandika hivi: "Ripoti ya George Mitchell ya Desemba 2007 ilisema wachezaji 89 walikutwa na dawa za kulevya. Baadaye Alex Rodriguez alifungwa msimu mzima wa 2014." Mhariri akafuta "dawa za kulevya" akaweka "dawa za kusisimua misuli". Mwenzangu mwingine anasema Wakenya huziita "pufya". Tushike lipi?

JIBU: Mhariri wako amekutoa kwenye kosa moja akakuingiza kwenye jingine, na yapo mawili zaidi ambayo nyote mmeyapita. Nitayaeleza kwa urefu kidogo, maana katika habari za namna hii ukikosea neno umemchafulia mtu jina, na kesho huwezi kuzunguka nyumba kwa nyumba ukilisafisha.

Kulevya ni kumfanya mtu alewe. Pombe inalevya, bangi inalevya, heroini inalevya. Msikilizaji wako wa Kihonda akisikia "dawa za kulevya" anawaona mateja wa kijiweni, anawaza polisi, mahakama na kifungo. Wachezaji waliotajwa na Mitchell, seneta wa zamani aliyepewa kazi ya kuchunguza dawa katika besiboli, hawakutajwa kwa ulevi. Walihusishwa na steroidi na homoni ya ukuaji, vitu ambavyo mtu hujichoma ili misuli ikue na mwili urudi haraka baada ya kazi ngumu. Havimlevyi mtu. Hata hapo angalia kitenzi: kwetu "kujidunga" kumeshazoeleka kwa watumiaji wa heroini, kwa hiyo "kujichoma sindano" kunakaa vizuri zaidi.

Usikimbilie kusema "walitumia dawa" ukaishia hapo. Dawa kwetu ni neno pana mno. Kuna dawa ya meno, dawa ya mbu, dawa ya viatu, na dawa ya moto ni moto. Isitoshe, kwenye soka letu ukisema timu imetumia dawa, watu hawafikirii maabara hata kidogo. Wanamfikiria mganga, yai lililofukiwa golini, na wachezaji wanaoruka ukuta wakiacha mlango wazi.

Sasa "kusisimua misuli". Neno hili limeenea magazetini kiasi kwamba hakuna anayesimama kulitazama. Kusisimka ni ule msisimko unaopita mwilini, nywele zikasimama, usingizi ukakimbia. Steroidi haifanyi hivyo. Inajenga nyama ya msuli taratibu, kwa wiki na miezi, mchezaji akiwa ananyanyua vyuma. Dawa za kusisimua zipo kweli katika besiboli, ila ni kundi jingine: amfetamini, vidonge ambavyo wachezaji walivimeza kwa miaka mingi ili wabaki macho katika msimu wa mechi 162, leo uko mji huu, kesho ndege, keshokutwa uwanjani tena. Ligi Kuu ya Besiboli ilianza kuzipiga marufuku msimu wa 2006. Kwa hizo andika "dawa za kusisimua", ukomee hapo. Vinavyosisimuka ni ubongo na neva, misuli muiache. Wakenya wengine husema "kututumua misuli", na kwa steroidi hilo naliona bora zaidi, kwa kuwa kututumka ni kuvimba na kujaa, ndicho hasa kinachotokea.

Kuna dawa ambazo hazigusi msuli moja kwa moja. Mwaka 2018 Robinson Canó wa Seattle Mariners alifungiwa mechi 80 kwa furosemaidi. Waulize wenye ugonjwa wa moyo, wanaijua, ni dawa ya kukojoza, ya kupunguza maji mwilini. Michezoni imezuiwa kwa sababu inaweza kuficha alama za dawa nyingine kwenye mkojo. Manny Ramírez alifungiwa mechi 50 mwaka 2009 kwa homoni ambayo madaktari huwapa wanawake wenye shida ya kupata mimba.  Ukiwabandika wote wawili "dawa za kusisimua misuli" utakuwa umesema jambo lisilokuwapo.

Ndiyo maana kwa jumla napendekeza "dawa zilizopigwa marufuku michezoni". Ni refu, nakubali, lakini linabeba steroidi, vidonge vya kuondoa usingizi na hata hiyo ya kukojoza. "Dawa za kuongeza nguvu michezoni" nalo linafaa pale unapozungumzia zile za nguvu hasa. Ila usiliache neno "michezoni". Nguzo za umeme na kuta za miji yetu zimejaa matangazo ya dawa za kuongeza nguvu, na kila mtu anajua ni nguvu zipi.

Wengine huandika "dawa haramu", na "haramu" ina mtego wake. Mwaka 1998, Mark McGwire wa St. Louis Cardinals alipiga mipira 70 ya kuzunguka vituo vyote (Waingereza huita "home run"), akaivunja rekodi ya msimu mmoja ya 61 iliyodumu tangu 1961. Katikati ya msimu ule mwandishi wa habari aliona kwenye kabati lake chupa ya androstenedioni, kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa homoni ya kiume. Wakati huo dawa hiyo iliuzwa madukani Marekani bila cheti cha daktari, na besiboli ilikuwa haijaizuia, ingawa Olimpiki walishaizuia. Ukiiita "dawa haramu" kwa mwaka ule umekosea. Januari 2010 McGwire mwenyewe alikiri kwamba alitumia steroidi pia, hata katika msimu ule wa rekodi. Hayo ni mambo mawili na yanataka maneno mawili: "marufuku" ni ya chama cha mchezo, "haramu" ni ya sheria ya nchi, na ya dini.

"Pufya" ni neno ninalolipenda kwa ufupi wake. Magazeti ya Kiswahili ya Kenya yanalitumia sana, na wao wamelihitaji kuliko sisi, kwa kuwa riadha yao imepita kwenye moto huo. Vipimo vya mwaka 2014 vya Rita Jeptoo, mkimbiaji wa marathoni, vilionyesha EPO, ambayo huongeza chembe nyekundu za damu. Hapo tena hakuna msuli uliosisimuliwa. Tatizo la "pufya" ni kwamba Morogoro wachache watalielewa. Litumie, lakini mara ya kwanza lifafanue.

Sasa makosa yenu mawili, na haya ndiyo yaliyonifanya niandike kirefu. La kwanza ni "walikutwa na". Kwa Kiswahili mtu anayekutwa na kitu amekamatwa nacho, mfukoni, begini au chini ya godoro. Kama ni vipimo, sema "vipimo vilionyesha" au "alibainika kutumia". Mitchell hata vipimo hakuwa navyo vya kutegemea. Alitegemea zaidi ushahidi wa watu, hasa mtumishi wa zamani wa chumba cha wachezaji wa timu ya New York Mets aliyekuwa akiwauzia, pamoja na hundi za malipo. Ripoti iliwataja watu, na kutajwa ni hatua moja, kubainika ni nyingine, kuhukumiwa ni nyingine kabisa. Mtazame Barry Bonds, mwenye rekodi ya mipira 762 ya kuzunguka vituo vyote katika maisha yake yote ya mchezo. Wengi huandika kwamba alihukumiwa kwa steroidi. Mwaka 2011 alitiwa hatiani kwa kuzuia haki isitendeke, kwa jibu la kuzungukazunguka alilotoa mbele ya baraza la raia wanaoamua kama mtu ashtakiwe, na mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu hiyo. Hakuwahi kufungiwa hata mechi moja kwa dawa. Una haki ya kumtilia shaka, mimi pia ninayo, lakini shaka ina maneno yake: "anadaiwa", "anahusishwa", "anashukiwa".

La pili ni herufi moja. Umeandika kwamba Rodriguez "alifungwa". Aliyefungwa yuko gerezani, au timu yake imepigwa mabao. Rodriguez ali*fungi*wa, yaani alizuiwa kucheza: kwanza mechi 211, halafu msuluhishi akapunguza hadi 162, msimu wote wa 2014. Herufi hiyo "i" ndiyo inayomtoa mtu jela.

Ningeandika hivi: "Ripoti ya George Mitchell ya Desemba 2007 iliwataja wachezaji 89 wa besiboli, ikiwahusisha na steroidi za kujenga misuli, homoni ya ukuaji, au vyote viwili. Baadaye Alex Rodriguez alifungiwa msimu mzima wa 2014." Nimesema "za kujenga misuli" kwa makusudi, kwa kuwa zipo steroidi nyingine ambazo watoto wenye pumu huandikiwa hospitalini, na mama yao anasikiliza redio hiyohiyo. Ukiona ni ndefu mno kwa msomaji wa habari, punguza unapotaka, ila "iliwataja" usiiguse.