Programu ya bajeti ya nyumbani: angalia uhamisho na mlango wa kutokea, grafu baadaye

Mkuu, kwa nilivyokuelewa, nyumbani mko wawili, mna akaunti mbili za benki, pochi ya simu, fedha taslimu na kadi ya mkopo. Unataka programu moja ya kufuatilia yote, na umeweka orodha ya app nane ukiuliza ipi ni bora. Orodha hiyo itapungua yenyewe ukiuliza mambo mawili tu: programu inafanya nini pesa inapotoka mfuko wako mmoja kwenda mwingine, na utaitoaje data yako siku ukiichoka au ikifungwa (huo ndio mlango wa kutokea). Grafu zote zinafanana, zisikupotezee muda.

Tuanze na uhamisho, maana hapo ndipo hesabu za wengi zinapoharibikia. Umetoa 100,000 benki, makato 1,500. App dhaifu itakuandikia matumizi ya 101,500. Kesho yake unaanza kuandika ulichonunua kwa zile fedha taslimu: 20,000 hapa, 35,000 pale. Mwisho wa mwezi pesa ileile imehesabiwa mara mbili, na utaambiwa umetumia kuliko ulichopata. Inavyotakiwa ni muamala mmoja uliogawanywa: 101,500 inatoka benki, 100,000 inaingia akaunti ya "Taslimu", na 1,500 inaingia kwenye kundi la makato. Kwa hiyo programu lazima iwe na vitu viwili, yaani uhamisho kati ya akaunti na uwezo wa kugawa muamala mmoja kwenye makundi kadhaa. Zisizo navyo ni daftari lenye rangi.

Kadi ya mkopo ni hivyohivyo. Matumizi yanaandikwa siku uliyonunua, na siku unapolipa deni la kadi ni uhamisho tu. Rejesho la mkopo unalipasua: ukilipa 50,000 na riba ndani yake ni 12,000, basi matumizi ni 12,000, na 38,000 inapunguza deni.

Kuhusu mlango wa kutokea, usidhani ukubwa wa kampuni utakulinda. Microsoft iliacha kuuza Money, programu yake ya fedha za nyumbani, mwaka 2009. Mint, app ya bajeti iliyokuwa mikononi mwa kampuni ya Intuit, ilifungwa Machi 2024. Kabla hujaingiza hata muamala mmoja wa kweli, tafuta kitufe cha kutoa data na uone kinatoa nini. Faili la CSV (maandishi ya kawaida yaliyopangwa kama jedwali) lenye tarehe, akaunti, kiasi, kundi na maelezo linatosha. Likija bila safu ya akaunti, au uhamisho ukitoka kama matumizi mawili yasiyohusiana, achana nayo. PDF siyo kutoa data, hiyo ni picha ya data.

Sasa aina zenyewe. Kuna programu za kurekodi na kuna za bahasha. Za kurekodi zinakuonyesha pesa ilikwenda wapi: GnuCash, KMyMoney, HomeBank, Money Manager Ex. Zote ni za bure na data inakaa kwenye kompyuta yako. GnuCash ni kali kwa sababu inafuata hesabu za pande mbili, kila kinachotoka mahali lazima kiingie mahali, hivyo lile kosa la 101,500 ni gumu kulifanya bila kuliona. Ubaya wake ni kwamba sehemu ya bajeti ni nyonge, na asiyependa uhasibu ataikimbia wiki ya pili. HomeBank ni nyepesi kuizoea.

Za bahasha zinakulazimisha ugawe pesa uliyonayo sasa hivi kabla ya kuitumia: YNAB, ya kulipia kila mwezi au mwaka, na Actual Budget, ambayo msimbo wake ni huria tangu 2022. Nguvu yake iko kwenye gharama za mara moja kwa mwaka. Bima ya 360,000 unaitengea 30,000 kila mwezi, na salio la bahasha linavuka mwezi hadi mwezi. App ambayo kila tarehe 1 inarudisha makundi yote kwenye sifuri haiwezi kazi hiyo, hata ikijiita ya bajeti.

Kwa watu wawili ndipo wengi wanapokwama. GnuCash haikutengenezwa kwa watu wawili kuandika kwa wakati mmoja, hata ukihifadhi data kwenye hifadhidata kama MySQL au PostgreSQL. Ukiweka faili lake kwenye folda ya wingu na nyote mkalifungua, mtapata matoleo mawili yanayogombana, na kuyaunganisha ni kazi ya mkono. Actual Budget kila kifaa kina nakala yake na mabadiliko yanaunganishwa kupitia seva (kompyuta ya kati inayohudumia vifaa vyenu), ila seva hiyo uiendeshe mwenyewe au uikodi, na kwenye simu inatumika kupitia kivinjari. Firefly III, nyingine ya kurekodi, nayo inahitaji seva. Kama hamna wa kuishughulikia seva, ama mlipie huduma, ama mmoja wenu awe mwandishi na mwenzake atume risiti.

Na jedwali la Excel au LibreOffice Calc? Inafaa kabisa kama miamala haizidi mia kwa mwezi. Safu sita zinatosha: tarehe, akaunti, kiasi (kinachotoka kiwe hasi), kundi, maelezo, na alama ya uhamisho ili SUMIFS, fomula ya kujumlisha kwa masharti, iuruke. Kuna mitego miwili. Ukipanga safu moja bila nyingine, tarehe zinahama na viasi vinabaki, na huwezi kugundua kwa macho. Pia kiasi kilichobandikwa kama maandishi, SUM inakipita kimya kimya. Namba iliyoegemea kushoto kwenye seli ambayo hujaipanga mwenyewe, itilie shaka.

Kuingiza taarifa ya benki kunaokoa muda, ila kuna uchafu wake. Tarehe 03/04 inaweza kuwa Aprili au Machi, kwa hiyo tafuta mstari wenye siku inayozidi 12 uone imesomwaje. Usilifungue faili la CSV kwenye Excel na kulihifadhi kabla ya kuliingiza: sifuri za mwanzo zinapotea, na namba za kumbukumbu zinazozidi tarakimu 15 zinageuzwa sifuri mwishoni. Benki ikitoa OFX, aina ya faili iliyotengenezwa kwa ajili ya miamala, chukua hiyo, maana kila muamala una namba yake ya utambulisho na programu inaweza kukataa ulioingia tayari. QIF, aina ya zamani ya faili la miamala, haina namba hiyo, na CSV inategemea hisani ya benki. Marudio mengine mnayaleta wenyewe: mmeandika manunuzi kwenye simu leo, benki inayaonyesha keshokutwa, yanaingia tena. Amueni kwa kila akaunti: ya benki inaingizwa kwa faili, ya taslimu kwa mkono.

App zinazosoma SMS za miamala ni tamu, lakini ruhusa ya kusoma SMS ni pamoja na zile zenye namba za siri za mara moja. Na inayokuomba nenosiri la benki ndani ya app yenyewe, badala ya kukupeleka kwenye ukurasa wa benki, ifute.

Usikubali programu isiyo na kulinganisha salio. Mwisho wa mwezi unaandika salio la taarifa ya benki, unatiki miamala, tofauti iwe sifuri. Tuseme benki inasema 412,600 na programu inasema 394,600. Tofauti ni 18,000. Kwanza tafuta muamala wa 18,000 kamili: matumizi yaliyoingia mara mbili au pato lililosahaulika. Hakuna? Gawa kwa 2, tafuta 9,000: huenda pesa iliyorudishwa imeandikwa kama matumizi. Bado? 18,000 inagawanyika kwa 9, basi shuku tarakimu zilizopinduliwa, kwa mfano 35,000 iliyoandikwa 53,000. Mara nyingi utaikamata hapo, bila kupitia mwezi mzima mstari kwa mstari.

Kwa hiyo fanya hivi. Chagua programu mbili tu. Chukua miamala 20 ya mwezi uliopita, ukihakikisha ndani yake kuna uhamisho wenye makato, muamala uliogawanywa, pesa iliyorudishwa, malipo ya kadi na kitu kimoja cha kila mwezi. Iingize kote kuwili, kila mmoja wenu kwa simu au kompyuta yake. Kuandika manunuzi ya taslimu kukizidi sekunde 20, yule asiyependa hesabu kati yenu ataacha, na data ya mtu mmoja ni nusu data. Kisha toa data kwenye ya kwanza, iingize kwenye daftari jipya la ya pili, ulinganishe masalio ya akaunti zote.

Ukishachagua, usihangaike kuingiza miaka iliyopita. Weka salio la kuanzia la tarehe 1 kwa kila akaunti, fedha zilizo mfukoni zikihesabiwa kwa mkono, na makundi yasizidi 15. "Mengineyo" likianza kuwa miongoni mwa makundi matatu makubwa, lipasue. Taslimu isipolingana mwisho wa wiki, andika tofauti kama "haijulikani" na uendelee; kuwinda 700 iliyopotea ndiko kunakowachosha watu mpaka wanafuta app.