Maswali na majibu: Nikiweka mizinga juu ya paa la ghorofa, nitakuwa nimewasaidia nyuki?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Naishi ghorofani mjini, na huku nilipo nyuki wa asali hawakuwepo zamani, waliletwa na watu. Kuna kampuni imekuja kutuambia nyuki wanaisha duniani, tukikodi mizinga miwili wataiweka juu ya paa na kuihudumia wenyewe, sisi tunapata asali na cheti cha kutunza mazingira. Wananiuzia pia hoteli ya nyuki, kile kiboksi chenye matundu ya nyuki kujengea, ya kutundika kwenye baraza, na eti mizinga itafanya nyanya zangu zizae zaidi. Kuna mtu kaniambia nyuki wa kuletwa wana madhara. Madhara gani, si wote ni nyuki?

JIBU: Dada, swali hili linanifikia kila maua yakianza kuchanua, na kila mara hiyo "nyuki wanaisha" ndo inayonichosha, maana ni ukweli nusu ambao watu wameuchukua wakaanza kuuzia kitu kisichohusiana nao kabisa. Nyuki wanaoisha wapo kweli. Ila sio hao mnaokodishiwa. Nyuki wa asali ni mfugo, na idadi ya mizinga duniani kwa ujumla imekuwa ikipanda tangu miaka ya 1960. Wafugaji wanapoteza makundi mengi kwa utitiri wa Varroa, virusi na dawa za mashambani, hilo ni tatizo kubwa na silidharau hata kidogo, lakini kundi likifa mfugaji anagawa lingine, anaotesha malkia, mwaka unaofuata mzinga umejaa tena. Duniani kuna aina zaidi ya 20,000 za nyuki na wengi wao hawana mzinga wala malkia wala asali ya kurina, jike anachimba tundu lake ardhini au anatafuta tundu kwenye mti uliokauka, anaweka chavua, anataga yai, anaziba, anaanza chumba kingine, na mpaka anakufa pengine kaacha watoto kumi au ishirini tu. Huyo akipungua hakuna mtu wa kumgawia kundi.

Sasa hiyo "si wote ni nyuki" ndo penyewe. Wanakula kitu kimoja, chavua na mbochi, yaani maji matamu ya maua, na mjini maua yana kikomo. Kuongeza mizinga ili kuokoa nyuki wa porini ni sawa na kuingiza ng'ombe kwenye malisho ya swala ukasema unaokoa wanyama wanaokula majani. Kuna watafiti wa Marekani walipiga hesabu wakaona kundi moja lenye nguvu, ndani ya miezi mitatu tu ya kiangazi, linabeba chavua ambayo ingetosha kulea watoto 100,000 wa nyuki wa kawaida anayeishi peke yake. Wewe unaletewa makundi mawili. Afu nyuki wa asali anaruka kilometa kadhaa kutafuta chakula na akipata anarudi kuwaambia wenzake, wakati yule mdogo wa porini anazunguka mita mia chache tu kutoka kwenye kiota chake, hapo pakishavunwa hana pa kwenda.

Na hii sio nadharia ya darasani. Montréal, Kanada, ambako nyuki wa asali ni mgeni kama huko kwako, mwaka 2013 kulikuwa na makundi yasiyofika 250, kufika 2020 yalikuwa karibu 3,000, na utafiti uliotoka 2023 ukaonyesha kwamba pale mizinga ilipoongezeka zaidi ndipo aina za nyuki wa porini zilipopungua, na walioumia zaidi ni wale wadogo. Paris nako, ambako nyuki wa asali wala sio mgeni, waliona mizinga ikiwa mingi jirani, nyuki wa porini wanapungua kwenye maua. Uswisi wakahesabu miji 14, mizinga ikatoka 3,139 mwaka 2012 hadi 9,370 mwaka 2018, na maeneo ya kijani hayakuongezeka kwa kasi hiyo hata kwa mbali, yaani malisho ni yaleyale na walaji mara tatu. Kwa hiyo hata ungekuwa unaishi kwenye asili ya nyuki wa asali, wingi peke yake unaleta shida. Ugeni unaongeza mengine juu yake, kwa mfano mgeni anachavusha vizuri sana magugu ya kigeni na kuyasaidia kuzaa mbegu, na wakikaa kwenye ua moja na wenyeji anawaachia virusi. Kirusi cha mabawa kuharibika, kinachosambazwa sana na Varroa mzingani, kimeshakutwa hadi kwa wale nyuki wanene wenye manyoya, jenasi ya Bombus.

Nyanya zako sasa. Aliyekwambia mizinga itazisaidia hajui nyanya. Ua la nyanya linafungia chavua ndani, linataka kutetemeshwa ndo limwage, na nyuki wa asali hawezi huo mtetemo. Nyuki wa Bombus wanaweza, na wale weusi wakubwa wanaotoboa mbao, na wadogo wengine wengi wa porini. Yaani kampuni inakuletea mnyama asiyeweza hiyo kazi, aje awanyang'anye chakula wanaoiweza!

Hoteli ya nyuki nayo isikudanganye kwa uzuri wake. Toronto, Kanada, waliweka karibu hoteli 600 kwa miaka mitatu, wakakuta karibu nusu ya nyuki wote walioingia ni wa kigeni. Na inaeleweka, wageni wengi wanaofika kwa meli na mizigo ni wale wanaojenga kwenye matundu ya mbao, kwa hiyo ukitundika matundu yaliyopangwa vizuri umewafungulia wao mlango, wakati wenyeji wengi ni wa kuchimba chini. Yupo mmoja mkubwa kutoka Asia ya mashariki, anaitwa Megachile sculpturalis, anajengea utomvu, alionekana Marekani 1994 na karibu na Marseille, Ufaransa, 2008, ameshashuhudiwa akiwatoa nyuki wengine kwenye viota vyao kwa nguvu. Hoteli ikiachwa bila kusafishwa ndo balaa, utitiri na ukungu vinajazana humo mwaka hadi mwaka.

Kwa hiyo mizinga, hapana. Hiyo pesa panda maua ya asili ya huko yanayopokezana msimu mzima, acha kipande cha udongo wazi ambacho hakuna anayekigusa, dawa ya kupuliza weka chini. Kampuni ikija tena iulize kuna makundi mangapi tayari ndani ya kilometa mbili kutoka kwenye jengo lenu. Kama haijui, hicho cheti wanakiandika kwa kigezo gani? Nimesoma matangazo mengi ya hawa watu na sijaona tangazo hata moja linalotaja nyuki wa porini wa eneo husika kwa jina, hata aina moja tu.

Na nikishafika hapo sina budi kusema lingine, maana anayeanza na mzinga wa kukodi huwa anaishia kununua nyuki wanaotumwa kwa posta kutoka mbali. Chile iliruhusu nyuki wa Ulaya, Bombus terrestris, mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya kuchavusha mazao, wakatoroka, kufika 2006 walishavuka mpaka wakaingia Argentina, na Bombus dahlbomii wa kule, mmoja wa wakubwa kuliko wote duniani, akatoweka sehemu kubwa ya alikokuwa akiishi, huku vimelea walivyokuja navyo wageni vikishukiwa sana. Walioruhusu walikuwa serikali, na wataalamu wanao, wakashindwa kumrudisha hata mmoja. Wewe na baraza lako ukiona mtandaoni mtu anauza vifukofuko vya nyuki au boksi la nyuki wa Bombus kutoka mbali, usinunue, na kama boksi limeshafika usilifungulie nje, piga simu ofisi ya kilimo au ya karantini ya huko wakwambie la kufanya nalo.