Jua halirudishi ugumu wa godoro
Hapana dada uliyeuliza, kulianika juani godoro la sponji lililolainika hakutalifanya gumu tena. Jua linatoa unyevu na harufu tu. Sponji hulainika kwa sababu vitundu vyake vya ndani vimevunjika kwa uzito wa mwili, na vikishavunjika havijiungi. Tena jua kali la moja kwa moja huichakaza sponji, ndiyo maana ile iliyo wazi hugeuka njano na kuanza kupukutika.

Ila kabla hujalilaumu godoro, lishushe sakafuni ulale hapo usiku mmoja. Ukiona mgongo umetulia, tatizo ni chaga, zile mbao za kitandani zinazobeba godoro. Mimi ni seremala hapa Mwanjelwa, Mbeya, na vitanda vingi ninavyoletewa vina chaga za paini zilizopinda, au zimeachana hadi mkono mzima unapita. Ongeza chaga, nafasi isizidi vidole vinne, na uweke mhimili wa katikati wenye mguu unaogusa chini. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na godoro jipya.

Plaiwudi juu ya chaga pia inasaidia, lakini itoboe matundu. Kwa baridi yetu na mvua za Novemba hadi Aprili, jasho hukwama chini ya godoro na ukungu unaota.

Kama hata sakafuni unazama, ligeuze kichwani kuwe miguuni ulale pasipobonyea wakati unajipanga kununua jipya. Godoro hilo limekwisha. Ukienda dukani uliza uzito wa sponji kwa ujazo wake (density), si unene peke yake. Nene nyepesi hulainika upesi.