"Informations" haipo katika Kiingereza cha kawaida

Ndugu, unauliza kwa nini mwalimu alikukosoa kwa kuandika "informations" ilhali taarifa zinaweza kuwa nyingi. Kwetu taarifa moja, taarifa mbili, sawa. Mwingereza huiona information kama maji: haihesabiki, haipokei s. Ukitaka kuhesabu, tafuta kipimo: two pieces of information. Advice, luggage na equipment ni vivyo hivyo. Hata mimi "furnitures" ilishanitoka kwenye barua ya kuomba kazi!

Kuhusu ritifaa ya kuonyesha umiliki, alama (') ile ile iliyo katika neno ng'ombe: the boy's books ni vitabu vya mvulana mmoja, the boys' books, vya wavulana kadhaa. Children tayari ni wingi usio na s, kwa hiyo andika children's. Childrens' ni kosa.