Fishi ikiingia, msishangilie bado

Wadogo zangu wa Birere, hapa Goma, juzi nimemwona mmoja wenu akichovya mkono kwenye karton la adapta, akatoa ya kwanza, akaijaribu kwenye ruta ya mteja. Fishi, yaani ile ncha ya kuchomeka kwenye kifaa, ikaingia, naye akacheka! Nilichomoa ukutani kabla taa haijawaka. Hebu kaeni.

1. Soma mgongo wa adapta. Volti zilingane, ampea ziwe sawa au zaidi, na kile kimchoro cha duara kitakuambia chanya iko katikati au nje. Fishi ya laptop ya volti 19, ile ya milimita 5.5 kwa 2.5, huingia kwenye tundu la 5.5 kwa 2.1 la kifaa cha volti 12. Hulegea kidogo tu. Papa mmoja mpiga picha za harusi aliniletea diski yake ya nje, ile kubwa ya inchi 3.5 inayohitaji umeme wake. Adapta ilikuwa imepotea akihama nyumba. Nikasema hakuna shida, karton langu lina kila kitu, nikachomeka bila kusoma. Harufu ilitangulia moshi. Papa hakufoka, aliniuliza tu, "Bibi arusi wa Jumamosi nimwambie nini?" Nikamwambia diski imekufa, akaondoka nayo. Baadaye sana ndipo nikajifunza kwamba bodi za diski nyingi zina kidiodi cha ulinzi kwenye njia ya volti 12. Volti zikizidi, chenyewe huungua ili vingine vipone, na mara nyingine ukikitoa diski huzunguka tena, ukapata kunakili data. Mimi sikuigeuza hata kuiangalia bodi. Nilitangaza kifo kwa kunusa.

2. Adapta ikitengana na kifaa chake, iandike siku hiyohiyo, kwa rangi ya kucha, maana karatasi ya gundi hubanduka kwa joto. (Dada yangu bado ananidai chupa.)

3. USB-C: tundu ni moja, kebo si moja. Nyingi hazipitishi zaidi ya megabiti 480 kwa sekunde, kasi ya USB 2.0 ya mwaka 2000. Kupita ampea 3, kebo lazima iwe na chipu ya kujitambulisha kwa chaja; isipokuwa nayo, hata ikiandikwa wati 100, chaja ya kweli itaishia 60. Wino ni rahisi kuliko chipu.

4. Kebo za Lightning, zile za kuchaji iPhone za zamani, msizitupe. Apple ilizianza 2012 na iPhone 15 ikaziacha 2023, lakini simu zinazotufikia hapa Goma ni za mitumba.

5. Adapta ya HDMI kwenda VGA (aina mbili za tundu la picha) haigeuzwi kupeleka picha kinyume, wala msiiazimishe bila daftari. Kila Jumamosi jioni kijana wa kwaya huja anakimbia, projekta yao ni ya VGA, laptop ina HDMI, ibada ni kesho. Unampa, utakataaje? Yangu iko mtaani Himbi mpaka leo, na mchungaji ananisalimia vizuri sana.