Serikali Ipi, Wadogo Zetu?

Maandiko yenu ya utafiti, wanafunzi wa msimu huu, yameanza kufika mezani, na ukurasa wa pili tu tunakutana na sentensi ile ile ya miaka yote: "Serikali iliamua kuwaondoa wachuuzi." Serikali ipi? Hapa Mwanza pana Mkuu wa Mkoa, pana wakuu wa wilaya, pana mkurugenzi wa Jiji na mwenzake wa Ilemela, pana madiwani, watendaji wa kata na wenyeviti wa mitaa. Kila mmoja ana mamlaka yake na karatasi inayompa mamlaka hayo. Ukimwacha aliyeamua bila kumtaja, utafiti wako haujapanda juu ya mazungumzo ya kijiweni, na tunajua mna uwezo zaidi ya huo. Basi tusikilizaneni.

1. Jua nani kachaguliwa, nani kateuliwa, nani kaajiriwa. Mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa na wakazi. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa. Mkurugenzi na mkuu wa wilaya wote huteuliwa na Rais, lakini kazi zao si moja: mkurugenzi ni mtendaji mkuu wa halmashauri, naye mkuu wa wilaya anaiwakilisha serikali kuu. Tena sheria za serikali za mitaa ni mbili, Na. 7 ya 1982 kwa mamlaka za wilaya na Na. 8 ya mwaka huo huo kwa mamlaka za miji. Ndiyo maana ukiandika "Halmashauri ya Kijiji cha Mabatini", msimamizi anaweka kalamu chini. Mabatini ni kata ya jiji. Ina mitaa, haina vijiji.

2. Barua. Ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani na kwa mkurugenzi, kisha kwa mtendaji wa kata, mwisho mtaani au kijijini. Toa nakala za kutosha, maana kila ofisi itabaki na yake na utataka muhuri kwenye ya kwako. Na uangalie ramani kabla ya kupanda boti: kisiwa cha Kome kiko mkoa wa Mwanza, Bumbire iko Muleba, Kagera. Barua ya mkoa mmoja haivuki na wewe.

3. Panga ratiba kwa mwezi wa angani, si wa kalenda ya chuo. Anayevua dagaa kwa taa hutoka usiku wa giza. Ukimfuata mwaloni, pale boti zinapotia nanga, asubuhi ya siku za giza, unamkuta hajalala, dagaa wanasubiri kuanikwa, na atakujibu "ndiyo" kwa kila swali ili umwache. Mbalamwezi ikishika, taa hazina kazi, nyavu zinashonwa, na hapo ana saa mbili za kukaa na wewe kivulini. Wengine wakati huo huenda makwao, kwa hiyo uliza mapema. Wanafunzi wengi wametuletea majibu ya watu waliokuwa wanasinzia, wakayaita "mwitikio chanya kuhusu BMU", yaani kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo.

4. Mikataba ya Nile, mto unaotoka Ziwa Victoria letu. Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu kosa hili ni letu sisi tuliowatangulia. Tuliliandika, tukalitetea mbele ya jopo, likajalidiwa likawekwa maktaba, nanyi sasa mnalinakili kutoka huko huko. Linasomeka hivi: "Mkataba wa 1929 uliizuia Tanganyika kutumia maji ya ziwa, hadi ulipofutwa na mkataba wa Entebbe wa 2010." Sentensi moja, makosa matatu.

La kwanza: mwaka 1929 Tanganyika haikukaa mezani. Zilikuwa barua zilizobadilishwa kati ya Uingereza na Misri tarehe 7 Mei. Uingereza ilikubali kwamba bila ridhaa ya Misri hazitajengwa kazi za umwagiliaji au umeme kwenye Nile, matawi yake na maziwa yake, ndani ya Sudan na nchi zilizokuwa chini ya utawala wake, ikiwa zingepunguza maji kwa hasara ya Misri. Aliyeahidi ana jina. Mtaje.

La pili: tarehe 4 Julai 1962 serikali ya Tanganyika huru iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba haifungwi na makubaliano hayo. Misri haikukubali. Kwa hiyo baada ya siku hiyo huwezi kuandika "ulizuia" ukaishia hapo. Useme kwa maoni ya nani. Na yale mafungu ya mita za ujazo bilioni 55.5 kwa Misri na 18.5 kwa Sudan mnayoyabandika kwenye 1929, yanatoka kwenye makubaliano ya 1959 ya nchi hizo mbili peke yao.

La tatu ndilo linalotuuma zaidi, maana lilihitaji tu kufungua maandishi yenyewe: kusaini si kuridhia, na kuridhia si kuanza kutumika. Tarehe 14 Mei 2010 pale Entebbe, mkataba wa ushirikiano wa nchi za bonde la Nile ulisainiwa na Ethiopia, Rwanda, Tanzania na Uganda. Kwetu mkataba unaohitaji kuridhiwa hupita Bungeni, Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba, na Tanzania iliridhia 2015. Ili uanze kutumika, zilitakiwa nchi sita ziuridhie. Ya sita, Sudan Kusini, ilipatikana 2024, na mkataba ukaanza kutumika tarehe 13 Oktoba mwaka huo. Miaka 14 nzima tuliandika "umefuta" juu ya mkataba ambao ulikuwa bado haujaanza kufanya kazi. Misri haijausaini kabisa, na ile ibara ya 14(b) ya usalama wa maji iliwashinda kukubaliana, ikawekwa kwenye kiambatisho ili tume itakayoundwa iimalize.

Wakati huo huo maji ya ziwa yalishavutwa kutoka Ihelele, Misungwi, hadi Shinyanga na Kahama, kwa fedha za Tanzania yenyewe. Tasnifu inayosema "tulizuiwa hadi 2010" inalipita bomba hilo bila kuliona.

Dawa ni jedwali la safu nne kwa kila nchi: imesaini lini, imeridhia lini, imewasilisha hati ya kuridhia lini, mkataba umeanza kuifunga lini. Safu ikibaki tupu, iache tupu.

5. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria liko Jinja. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iko Kisumu. Msiyachanganye tena, tafadhali.

6. Usimhoji mvuvi mbele ya mwenyekiti wa BMU, hata kama mwenyekiti ndiye aliyekuletea kiti. Mshukuru, mhoji yeye kwanza, kisha omba kuzunguka mwalo peke yako. Wala usiulize "Je, unaridhika na utawala bora?" Uliza mara ya mwisho nyavu kukamatwa ilikuwa lini, nani alikuja, na stakabadhi iliandikwa jina la ofisi gani.

7. Ukiwa kijijini, omba mihutasari. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu, kwa hiyo mwaka una minne. Ukipewa miwili, usimsumbue mtendaji aitafute mingine. Andika kwamba ipo miwili, tarehe zake, waliohudhuria wangapi, na nani amesaini chini.