Mazoezi ya infografiki yana faida? Anza na sensa, penseli na rula

Mkuu, umeuliza kama yale mazoezi ya infografiki (michoro ya kueleza takwimu) wanayopewa wanafunzi wa usanifu yana maana yoyote, au bora ulipie kozi ya programu uanze kutafuta kazi. Nimeyapitia nikiwa mwanafunzi, na siku hizi kazini naletewa vijana wa mafunzo kwa vitendo niwasimamie. Jibu langu: yana maana sana, ila usiwe mtu wa kurukaruka. Shika takwimu za jambo moja, uzichore upya na upya kwa wasomaji tofauti. Anayechora leo bei ya mahindi, kesho malaria, keshokutwa Ligi Kuu, mwisho wa siku amejifunza kupamba tu.

Zoezi ninalolipenda ni la sensa, maana namba zake ziko wazi kwa kila mtu na zina mtego. Tanzania ilihesabiwa kuwa na watu milioni 12.3 mwaka 1967, 17.5 mwaka 1978, 23.1 mwaka 1988, 34.4 mwaka 2002, 44.9 mwaka 2012 na 61.7 mwaka 2022. Mpe kijana namba hizo sita achore grafu ya mstari. Wengi wataziingiza kwenye kompyuta, watabonyeza, na grafu itatoka inang'aa, miaka imepangwa kwa nafasi sawasawa. Sasa itazame vizuri. Kati ya 1988 na 2002 imepita miaka 14, lakini pale imepewa nafasi ileile ya miaka 10. Kwa hiyo mstari unapanda milioni 11.3 kwa hatua moja, kisha kutoka 2002 hadi 2012 unapanda milioni 10.5 kwa hatua kama hiyohiyo. Msomaji anaondoka akiamini kasi ya ongezeko ilipungua baada ya 2002. Ipange miaka kwa umbali wake halisi uone: kabla ya hapo ilikuwa kama watu laki 8 kwa mwaka, baada ya hapo ikavuka milioni 1. Kila namba kwenye mchoro wa kwanza ni sahihi, na bado mchoro unadanganya.

Ndiyo maana vijana wangu nawapa karatasi ya grafu, penseli na rula kabla hawajafungua kompyuta. Mkono ukihesabu miraba kutoka 1988 unafika 1998 na hukuti cha kuweka pale. Unasimama, unajiuliza. Programu haina muda wa kukuuliza.

Namba hizohizo zichore tena kwa alama za watu. Kutoka 1988 hadi 2012 idadi ilikaribia kuongezeka mara mbili, na kishawishi ni kuchora mtu mdogo na mwingine mwenye urefu mara mbili yake. Lakini ukimrefusha bila kumharibu umbo, na upana nao unaongezeka mara mbili, kwa hiyo anachukua nafasi mara nne kwenye karatasi. Otto Neurath, msomi wa Austria aliyebuni mtindo wa takwimu za picha, na wenzake kule Vienna walilimaliza jambo hili miaka ya 1920: kiasi kikiongezeka, ongeza idadi ya alama, usikuze alama. Kanuni ni rahisi, lakini pitia mabango ya ofisini uone inavyovunjwa.

Hata hiyo kanuni ina kona zake. Kijana mmoja alichora watu wa Dar es Salaam, milioni 5.4, kila alama ikiwa watu milioni 1. Yule wa sita akamkata ili abaki sehemu kidogo. Tukampelekea mlinzi wa getini aisome, sisi tukakaa kimya. Akaangalia, akauliza, "Huyu wa mwisho ni mlemavu?" Tulicheka, lakini swali lake lilikuwa na uzito kuliko maksi yoyote. Tukabadilisha, alama moja ikawa watu laki 1, mchoro ukawa na umati wa watu 54 na hakuna aliyekatwa. Hilo la kumpa mtu asiyehusika asome, nawe ukafunga mdomo, lifanye kila mara. Ukianza kueleza tu, jua mchoro umeshindwa kazi.

Halafu peleka kazi yako kwenye mashine ya fotokopi. Sitanii. Ripoti nyingi huku kwetu mwisho wake ni nakala nyeusi na nyeupe, na ile nyekundu na kijani ulizojivunia zinaweza kutoka kijivu kimoja.

Ramani nayo ina ujanja wake. Ukipaka mikoa rangi kwa idadi ya watu, jicho linakimbilia Tabora kwa ukubwa wa eneo lake, na Dar yenye watu wengi kuliko mkoa wowote inabaki doa pwani. Kwa swali la "wapi kuna watu wengi", nguzo zilizopangwa kutoka mkoa mkubwa hadi mdogo zinajibu haraka zaidi. Ramani iache kwa swali ambalo mahali penyewe ndipo penye jibu.

Ukitaka mfano wa kazi ya wanafunzi iliyotoka nje ya darasa, tafuta Digital Matatus ya Nairobi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipanda matatu wakiwa na simu, wakarekodi njia na vituo, na mwaka 2014 ikatoka ramani ya njia hizo yenye mistari ya rangi, kwa mtindo wa ramani za treni za mijini. Wengi wanaisifia rangi. Mimi naisifia jasho la kukaa ndani ya matatu kuandika vituo ambavyo havikuwa na karatasi yoyote.

Kuhusu programu, usihangaike. Excel au LibreOffice kwa hesabu na grafu ya kwanza, Inkscape ya bure kwa kusafisha mchoro. Violezo vya Canva, yaani michoro iliyoandaliwa tayari, viache kwanza, kwa sababu vinakuamulia umbo kabla hujajua swali lako. Na ukienda kwenye usaili, usibebe mabango 20. Beba hiyo sensa kwa matoleo matatu, kila moja na mstari mmoja chini yake: nilimchorea nani, na alisoma nini.